Mtaro wa Kiwanja cha Nne

"Bibi, shikamoo. Toka mtaroni, lori limwage kifusi."

"Marahaba. Limwage kwenu," alijibu Generoza bila kuinua kichwa. Akakita jembe, akatupa tope ukingoni.

Aliyemsemesha alikuwa Elick, mnunuzi wa kiwanja cha nne, mwenye raba nyeupe ambazo udongo wa Murukulazo ulikwisha kuzipaka rangi yake. Mtaro ule Generoza aliuchimba na marehemu mumewe, ukaukata mlima ubavuni, maji ya juu yasishukie migomba yao. Kila mwaka kabla ya masika aliuzibua. Sasa shamba la juu, mtaro unamopita, mwanawe Danstan, anayefanya kazi mpakani Rusumo, alikuwa amelikata viwanja, akauza vyote.

"Nikiuacha mtaro, Bibi, choo nitachimba wapi? Hewani?"

"Chimba utakapo. Ila mvua isikukute umechuchumaa."

Wapakuaji walicheka. Elick naye akacheka, kisha akakunjua karatasi ya mauziano. "Nionyeshe palipoandikwa mtaro."

Hapakuandikwa. Siku ya kuuza, wazee walizunguka na mpimaji kutoka mramula hadi mramula, miti yao ya mpaka, wakishika kila shina. Mtaro hakuna aliyeutaja. Kwao mtaro ni wa aliye chini, hata ukipita kwa aliye juu. Nani ahangaike kusema hivyo? Ni kama kusema mtoto ni wa mama yake. Generoza alitia dole gumba la shahidi, akaenda kupika.

Alimpigia Danstan simu.

"Mama, viwanja si vyangu tena. Wenye hati niwaambie nini?"

"Waambie ulikula ndizi za wapi."

"Kuna gari la mzigo linaingia hapa, mama. Nitakupigia."

Lori lilianza kurudi nyuma. Generoza akatoka mtaroni, kifusi kikauziba.

Mvua ilikuja siku ya tatu, mchana. Zamani maji ya mlimani yalichelewa. Yalizungukazunguka majanini kama wageni wasiojua mlango. Siku hiyo yalitoka kwenye mabati ya nyumba mpya za juu na njia zilizoshindiliwa, yakashuka yote kwa mara moja, mekundu, yamebeba vigingi na mifuko ya saruji. Nyasi alizotandaza chini ya migomba ziliinuka kama mkeka unaokunjwa. Ukafuata udongo mweusi, wa samadi ya miaka thelathini. Mizizi ikabaki nje, myeupe, kama kitu kisichofaa kuonwa na watu. Kisha migomba ikaanza kulala, mmoja mmoja, vichwa bondeni.

Elick alikuja na mwavuli. "Pole, Bibi. Hata mimi msingi wangu umekwenda."

"Uko kwangu. Njoo uuchukue."

Hakuna aliyecheka.

Asubuhi Generoza alishuka bondeni na beseni. Udongo wake ulikuwa umetulia, mzuri, laini, juu ya shamba la Scola, jirani yake wa chini.

"Mama Danstan," Scola alisema, mikono kiunoni, "udongo wako umenizikia maharage."

"Nimekuja kuuchukua."

Scola alimtazama, akautazama mlima, halafu akainama akamjazia beseni, akamtwika.

Generoza alipanda akipumzika mara nne, maji ya tope yakimchuruzikia mgongoni. Akamwaga udongo kwenye mizizi ya mgomba wa kwanza uliosimama bado, akaukandamiza kwa viganja. Upande wa Burundi mbingu ilikuwa nyeusi. Tone la kwanza likaanguka kati ya vidole vyake. Hakuondoa mikono.