Mkasi Kwenye Msumari

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa nne asubuhi, jino langu la mbele lilikatika nikikata uzi kwa meno. Nilikuwa namalizia sare za walinzi, na wakubwa wao walikuwa wameleta uzi wa kushonea magunia, eti hautafumuka. Kilichofumuka ni mimi.

Mke wangu alinigombeza kwa tabia hiyo miaka thelathini. Ananipa mkasi, nauweka kando. Alipofariki niliutundika kwenye msumari, sikuugusa tena.

Kituo cha afya waling'oa kisiki. Mganga mkuu akasema bila kuinua macho, "Kwa umri wako, mzee, pengo si kitu." Kwa fundi cherehani ni kitu. Kila nikisema "sentimita" wateja wanajifuta mate. Nikaanza kupima watu kimya kimya, kama nawapimia sanda. Wakapungua.

Binti yangu akanikokota hadi chumba cha mwisho cha kituo kilekile, kwa daktari wa meno, mwanamke kijana.

"Baba," daktari akasema, "tutakuwekea daraja. Jino la bandia katikati, limeungana na kofia mbili. Kofia tunavisha meno ya pembeni, ndiyo yatakayolibeba. Itabidi niyachonge kidogo."

"Yamekosa nini?"

"Hayajakosa. Yanamsaidia jirani."

"Mganga mkuu alisema…"

"Mganga mkuu niachie mimi. Wewe fungua mdomo."

Daktari hakupewa msaidizi, basi binti yangu ndiye aliyeshika taa. Daktari akachonga, akachukua umbo la meno kwa kitu laini kama udongo wa kufinyanga. Baada ya wiki mbili akaligandisha daraja.

"Sema sentimita."

Nikasema. Hakuna aliyejifuta.

"Sharti moja, baba. Uzi ukate kwa mkasi."

Binti yangu akaangalia pembeni. Nikaona mfuko wa koti jeupe la daktari umechanika, nikaliomba nikalishone. Nyumbani nikaushona kwa mkono, nikautoa mkasi kwenye msumari. Ulikuwa bado mkali. Nikasema asante kwa sauti, kwa wote wawili, mke wangu na daktari.

Asubuhi nilirudisha koti, kisha nikaingia kwa mganga mkuu. Mke wangu alilala katika jengo hilohilo siku tatu akingoja daktari, mpaka akakata roho. Safari hii nilitamka kila neno likasikika: siku zile tatu, daktari alikuwa wapi?