Sindano Iliyokuwa Ndani ya Saa

"Mama Fundi, hiyo saa ya marehemu unaitia ufunguo kila asubuhi, unamtilia nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akiwa mlangoni, amekuja kuomba chumvi. Mdomo wake hauna breki. Nikamjibu kwamba saa ya ufunguo ikilala sana mafuta yake huganda, na mimi nikimaliza sala mkono wangu hutafuta kazi. Akacheka. "Sema tu unamsubiri mwanao." Sikumbishia, maana ilikuwa kweli.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na kijana wetu alipomaliza shule akaanza kukaa naye hapo kujifunza. Alikuwa na hamu, ila alikuwa na haraka. Siku moja aliishika saa ya mkono ya baba yake mwenyewe, ile aliyoivaa tangu hatujaoana, ikamponyoka ikaangukia sakafu ya saruji. Kioo hakikupasuka. Lakini ndani mna gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, ndilo linaloipa saa mwendo, na limebebwa na kijiti cha chuma chenye ncha nyembamba kuliko kope. Ncha moja ilikatika. Saa ikanyamaza.

Mume wangu, ambaye wateja walimjua kwa upole, akasema, "Mikono hiyo ni ya kubebea magunia."

Kijana akavua kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni, akakiweka mezani taratibu, asikivae tena. Akaenda mbali akapata kazi ya kuuza vifaa vya umeme. Akipiga simu, anapiga kwangu. "Msalimie mzee," basi.

Baada ya hapo sindano zangu za kushonea zikaanza kupotea.

"Nani anakula sindano zangu humu ndani?"

"Panya," mume wangu akasema bila kuinua uso.

"Panya gani huyo anavaa miwani?"

Hapo ndipo aliponionyesha. Saa za aina ile viwanda vilishaacha kuziunda zamani, kile kijiti chake hakipatikani, kwa hiyo alikuwa anakikereza mwenyewe kutokana na sindano. Anaichoma kwanza ilainike, anaifunga kwenye kerezo dogo lililoweza kukaa kiganjani, mkono mmoja unalizungusha kwa upinde wa uzi, mwingine unakwangua. Akishapata umbo anaichoma tena iwe nyekundu, anaitumbukiza kwenye mafuta ikaze, halafu anaipasha polepole mpaka igeuke buluu. Akipitiliza kidogo, imelainika tena, haifai. Nami nimesimama pembeni nashindwa hata kupumua, nisije nikaipeperusha. Mikono yake ilishaanza kutetemeka kwa uzee. Zile zilizoharibika hakuzitupa, alizitia kwenye kichupa cha dawa.

Siku aliyofanikiwa alikuja jikoni akanibandika saa sikioni. Nikasikia ule mlio mdogo, mwepesi, kama kidudu kinatembea kwenye karatasi.

"Akija mpe," akasema. "Usimwambie kitu. Mwambie aifungue tu. Aliyekaa kwenye meza hii akiifungua ataona kilichofanywa. Mimi kusema sijui. Mdomo wangu ndio ulioharibu."

Hakuwahi kumpa. Mungu alimchukua kabla. Mazishini kijana alisimama nyuma kabisa ya watu, akaondoka siku ile ile kabla sijaweza kumwita kando. Ndiyo maana nikawa naitia ufunguo, aje aikute inatembea.

Basi akaja. Nikampa. Aliivaa papo hapo, akaitazama muda mrefu. Nikasema, "Mwanangu, ukipata nafasi ifungue nyuma uitazame." Akasema, "Nitaifungua, mama." Nikaona nimetimiza nilichoagizwa. Nikamshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata akarudi amechangamka.

"Mama, nimeitengeneza! Ilikuwa inachelewa. Sasa haichelewi hata kidogo, wala hutahangaika tena na ufunguo."

Akanipa. Uso ni ule ule, mishale ni ile ile, mkwaruzo wa pembeni ni ule ule. Nikaiweka sikioni. Kimya. Nikautazama mshale mrefu, nikaona unaruka, unasimama, unaruka.

"Umeifanya nini?"

"Mafundi wa duka la saa wameweka mashine ya betri. Ile ya zamani walisema imechakaa."

"Uliifungua?"

"Walifungua wao. Mimi nilikuwa kaunta, nawasubiri." Akaniangalia. "Nilitaka niivae kila siku, mama. Isisimame tena mkononi mwangu."

Niliinuka nikaenda kwenye meza ya baba yake. Nikachukua kile kichupa, nikammiminia kiganjani. Vijiti vile vikatawanyika kwenye mistari ya mkono wake, vingine hata havionekani mpaka aelekee dirishani. Akajaribu kukishika kimoja kwa vidole, kikamshinda.

"Hizi ni sindano zangu," nikamwambia. "Ndizo alizoharibu baba yako akitafuta kuitengeneza saa hii uliyoiangusha. Ile moja aliyoipatia ilikuwa ndani ya mashine waliyoitoa. Alitaka uione mwenyewe, ujue yamekwisha."

Alitoa simu kwa mkono mwingine, akapiga dukani. Nilikuwa karibu, nikasikia. Fundi wa huko akamwambia, "Ah, kaka, ile tulishaitupa. Gari la taka limepita jana."

"Haya," akasema mwanangu. "Asante."

Akarudisha vile vijiti kwenye kichupa, kimoja kimoja, akivisukuma kwa ukucha, na safari hii mikono yake haikuwa na haraka hata kidogo. Akakaza kifuniko. Nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu, unywe hata maji."

Akavaa viatu. Kichupa akakitia mfuko wa shati, saa akaiacha mezani, akatoka.