Jicho Lililokataa Kufumba

Mama mkwe wangu haji kwangu bure. Miaka yote hakuwahi kuvuka kizingiti cha kibanda changu cha cherehani, leo aje na kikundi kizima cha maombi, eti kuniombea? Nilijua wamekuja kunitazama.

Sababu ninayo. Tangu neva ya uso ilale, mdomo wangu umevutika kushoto, na jicho la kulia halifumbi hata nikisinzia. Daktari alisema uso utarudi taratibu, lakini hakusema lini. Kioo cha wateja nimekifunika kwa kitambaa cha bitana. Maharusi wakija kujaribu magauni, nikiwaambia wamependeza, wanatazama ukuta. Na wifi yangu, yule anayepaka poda hata akienda kununua chumvi, juzi nilimsikia mlangoni akimwambia mama yake, "Kaka atavumilia mpaka lini?" Waliponiona, wakageuza mazungumzo. Kikulacho ki nguoni mwako. Wanamtafutia mume wangu mke mwingine, nikasema moyoni, na leo mama amekuja kuhakikisha kama nimeharibika vya kutosha.

Wakaketi kwenye mabenchi, wifi naye akiwemo, chini ya magauni yaliyotundikwa. Mama mkwe akakaa kuliani kwangu, akanikazia macho bila aibu. Nilichukia.

"Mama, nina kitu usoni?"

"Tufumbe macho, tuombe," akajibu.

Wao wakafumba mawili, mimi moja. Nikasema vizuri, anayechungulia leo nitamkamata. Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa kama mwombaji, kumbe nimekaa kama mlinzi wa getini.

Sauti zikapanda. Nikaanza na muuza mboga: mdomo umempinda, mishipa ya shingo imesimama. Mwalimu wa kwaya, mtanashati yule, kamasi zinamtoka na hana habari. Nikahamia kwa wifi, maana yeye nilikuwa na hakika naye. Poda ilikuwa imechuruzika mpaka kidevuni, wanja umetapakaa, na mdomo wake mzuri umekwenda upande, kama wangu.

"Bwana, mponye wifi yangu," alikuwa akilia. "Kaka hali, halali. Anaogopa hata kumtazama, asije akamliza."

Nikakumbuka maneno ya mlangoni, nikaona haya. Halafu, nisifiche, kicheko kilinibana. Mle ndani hakukuwa na mzuri hata mmoja. Nyuso zote zilikuwa zimekunjamana mbele za Mungu, na hakuna aliyejali.

Alibaki mama mkwe. Nikageuka polepole. Alikuwa macho wazi, ananitazama mimi.

"Mama, nimekukamata," nikanong'ona.

"Na wewe unachungulia nini?"

"Langu halifumbi."

"Ndilo ninaloliangalia tangu nifike. Linakauka hilo, mwanangu. Sasa utaombaje hivyo?"

Akainua mkono wake mgumu, akaishusha kope yangu kwa kidole gumba, kisha akafunika jicho kwa kiganja.

Giza. Tangu niugue sikuwahi kuwa gizani mbele za watu. Sikujua nani ananitazama, nani anamkonyeza mwenzake. Nikangoja hofu ije, haikuja. Kila siku nilikuwa namwomba Mungu anirudishie uso wangu, namwomba kama mtu anayedai. Siku hiyo nilisema tu, "Bwana, niangalie wewe. Mimi nimechoka kulinda."

Nikapumua. Palikuwa na amani mle gizani, amani kabisa, na mdomo wangu bado umepinda. Machozi yakaanza kupita kwenye vidole vya mama mkwe, yakamshuka mpaka kwenye kiwiko. Nilihisi mkono wake ukizidi kuwa mzito kwa kuchoka, lakini hakuuondoa mpaka wote waliposema amina.