Mtu wa Lori la Nyuma

Mnyororo ulikuwa umeshakazika na lori la jeshi limeshang'oka pale lilipozama, linanifuata uani kama ng'ombe aliyekubali kamba, ndipo bibi mwenye nyumba akatoka barazani na kupiga ukelele.

"Mwambieni asiteremke njiani! Akiteremka atarudi kwa miguu!"

Nikampungia mkono dirishani. Nilidhani anamsema Shemeji, maana yeye ndiye aliyekuwa nyuma ameshika usukani wa lile bovu, na kweli Shemeji alikuwa na tabia ya kuteremkateremka, hasa akinusa chakula.

Kazi yetu ilikuwa hiyo: kutafuta malori ya jeshi ya zamani, yale yenye pua ndefu na taa kama macho ya chura, kuyanunua yalikofia na kuyavuta mpaka gereji ya Fundi. Fundi alikuwa na lake la aina hiyo, amelijenga upya nati kwa nati, likabaki kukosa kitu kimoja tu: gia boksi ndogo, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Waliokuwa wakiitengeneza walishafunga zamani. Ukiitaka, uitafute kwenye maiti. Shemeji alikuwa ndugu wa mke wake, mnene, mdomo haujui likizo. Mimi walinichukua kwa kuwa nina lori la kuvutia na sina kwangu. Kiguu, ndivyo walivyoniita, maana nimekuwa kiguu na njia tangu ndevu hazijaota.

Aliyetuita si bibi, ni binti yake, mama mtu mzima, mshonaji. Alifika gereji na vumbi miguuni.

"Fundi, nasikia mnatafuta malori ya jeshi. Njooni mchukue la baba."

"Lina hali gani, dada?"

"Lina hali ya kumuua mama yangu."

Akatueleza. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama umepasuka, ufa unapitisha mkono, na mvua hizo zinakuja. Yeye ameshamwandalia mama chumba kwake, amepiga mpaka rangi. Mama hataki. Baba alikuwa dereva jeshini, na jeshi lilipouza malori akanunua lilelile aliloliendesha vitani, akawa anabebea mchanga na matofali. Alasiri moja akaliegesha uani, akavuta breki ya mkono, asiteremke. Walimkuta ameketi, mikono kwenye usukani.

"Mama anasema hakuacha kazi. Kila alasiri anaingia, anakaa. Mama anausikia mlango ukifungwa."

"Na wewe unausikia?" Shemeji akauliza.

"Mimi nausikia ukuta," binti akajibu.

Tulipofika, bibi hakubisha. Alituangalia tukitandaza minyororo, akasema, "Lichukueni lote, nisione hata nati. Yeye akienda nalo, na mimi nitakwenda kwa mwanangu. Lakini akirudi hapa, atanikuta. Siwezi kumfanya mtu atoke kazini akute nyumba tupu."

Nikalizunguka lile lori. Mlango wa abiria ulikuwa umeshikwa na kutu, haufunguki hata kwa nyundo, na ndani yake buibui amejenga juu ya kujenga. Upande wa dereva hapakuwa na uzi hata mmoja. Mlango ulifunguka kwa kidole. Ngozi ya kiti ilikuwa inang'aa, kama kiti kinachokaliwa. Fundi akajaribu breki za mguu, zimekauka. Ya mkono ikashika kama imefungwa jana.

"Bahati yetu," akasema, lakini hakucheka.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu, ndipo mtanielewa. Lori linalovutwa kwa mnyororo lazima liwe na mtu nyuma, wa kupinda usukani na kuvuta breki. Injini ikinguruma hamsikilizani, kwa hiyo aliye nyuma akiwa tayari hutoa mkono dirishani akapiga mlango mara mbili. Ukiona mkono, unaondoka. Huulizi. Nimevuta magari nchi nyingi, na kote ni hivyohivyo.

Tulikwenda vizuri mpaka kileleni, kabla ya mteremko mrefu. Hapo nikasimama, Fundi akateremka kugonga pini ya mnyororo, akarudi kuketi kando yangu anajifuta mikono. Nikatazama kwenye kioo. Mkono ukatoka dirishani, ukapiga mlango mara mbili. Nikaondoka.

Mteremko ule ndio unaowatenga madereva na washika usukani. Lori la nyuma hutaka kukukimbilia. Mnyororo unalegea, halafu unakukata shingo kwa mshtuko. Nilikuwa nimeshakaza meno. Lakini mnyororo haukulegea hata mara moja. Kila kona, kabla mimi sijagusa breki, yule wa nyuma alikuwa ameshaanza kuvuta yake, taratibu, kama anayeijua njia kuliko mimi.

"Shemeji leo kala nini?" Fundi akauliza.

"Mwache. Tukimsifu atavimba asipite mlangoni."

Chini ya mteremko kuna kituo cha mafuta. Nikasimama pembeni. Fundi akateremka anacheka, anaelekea nyuma huku akipaza sauti, "Shemeji, leo umetutoa kimasomaso!"

Alipofika mlangoni akaniita kwa mkono. Nikaenda.

Hakuna mtu ndani ya lori. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa mpaka mwisho. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati, nasi tukakitazama kikibaki vilevile, kimebonyea.

Tungali tumesimama, ikaja pikipiki kwa kasi kutoka kule juu. Nyuma ya mwendeshaji alikuwa Shemeji, na singlendi yake, shati amejifunga kichwani kwa ajili ya jua kama alivyokuwa tangu asubuhi.

"Ndugu zangu, mna roho gani nyie?" akaanza kabla hajateremka. "Mtu nimeingia kichakani kujisaidia, natoka nafunga mkanda, naona lori hilooo linakwenda!"

"Ulipiga mlango," nikamwambia.

"Niupige na nini? Mikono yote ilikuwa kazini!"

Hapo nikaukumbuka ule mkono wa kwenye kioo. Ulikuwa na shati la mikono mirefu, rangi ya kaki, limefungwa kifungo kwenye kifundo cha mkono. Nikawaambia.

Mwendesha pikipiki akatuangalia mmoja mmoja. "Lakini mtu mlikuwa naye," akasema. "Mmenipita kwenye kona nikienda juu. Mzee mmoja. Alinipungia." Akachungulia kile kichwa cha lori, akawasha pikipiki yake, hakungoja hata nauli.

"Tuliache hapahapa," Shemeji akasema kwa sauti ya chini, jambo lisilo la kawaida yake. "Gia boksi zipo duniani."

Fundi alikuwa anaitaka ile gia boksi kama mtu anavyotaka jino lililong'oka. Akanigeukia. "Kiguu, unasemaje?"

"Tukiliacha hapa, atateremka. Akiteremka, anarudi kwake. Bibi akisikia hatua zake uani, haondoki ng'o. Na ukuta ule hauvuki mvua hizi, wewe mwenyewe umeuona."

"Basi nani akae nyuma?"

"Msinitazame mimi," Shemeji akasema. "Nikae wapi, mapajani mwake?"

Fundi akasogea kwenye mlango wa dereva, akasimama pembeni kidogo, kama mtu anavyosimama mlangoni pa watu asije akachungulia ndani. Akavua kofia.

"Shikamoo mzee," akasema. "Tunaendelea. Kumebaki kidogo. Usiteremke hapa, si pako. Na mama anahama, anakwenda kwa mwanawe, asingoje tena pale. Tufikishe."

Nilipanda kwenye lori langu nikiomba nisione kitu kwenye kioo. Mkono ukatoka. Ukapiga mlango mara mbili. Nami nikaondoka, kawaida ni kawaida.

Tuliingia mjini, tukapita sokoni, tukakata kona za vichochoro, na yule bwana nyuma hakugusa hata mtaro. Shemeji alikuwa amebanwa katikati yetu, macho amefumba, anasoma kila alichowahi kukariri maishani, mpaka jedwali la kuzidisha. Gerejini nikalizungusha, lori la nyuma likajipanga lenyewe kando ya ukuta, sambamba kabisa. Tukasikia breki ya mkono ikikwaruza. Mlango haukufunguka. Alikuwa amefika, na hakuteremka njiani.

Kesho yake nilikwenda na binti kumchukua bibi. Tulimkuta barazani, furushi mapajani, viatu miguuni.

"Mama, twende," binti akasema.

"Tungoje alasiri."

Tukangoja. Uani palibaki mashimo ya magurudumu na doa la oili. Alasiri ikafika, kivuli cha nyumba kikalifunika lile doa. Bibi aliinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nilisikiliza. Nilichosikia ni ukuta wa nyuma tu, ukidondosha udongo punje kwa punje.

"Njiani aliteremka?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Aliendesha mwenyewe."

"Ndiye huyo. Hakupenda kuvutwa." Akainuka, akajifunga kanga vizuri.

Binti akatoa ufunguo kufunga mlango. Bibi akamshika mkono. "Usifunge. Hakuna anayerudi."

Ukuta wa nyuma ulianguka mvua za mwanzo, na paa likaufuata. Ndani hamkuwa na mtu. Bibi aliishi kwa binti yake misimu kadhaa, akafa usingizini. Binti bado anashona. Shemeji sasa anauza matairi, wala hakai nyuma ya gari lolote linalovutwa. Fundi alibisha hodi kwanza, akatoa gia boksi ndogo, akaifunga kwenye lori lake. Linatembea, analikodisha kwenye harusi. Mimi nilihama mji ule, kisha na mwingine. Bado navuta malori, lakini sasa nateremka kwanza kwenda kuangalia nani kaketi nyuma.

Lori la bibi bado liko kando ya ukuta gerejini. Watu wa pale walizoea kusikia mlango wake ukifungwa kila alasiri, mpaka wiki aliyofariki bibi. Tangu hapo kimya. Nilipopita mara ya mwisho nilichungulia. Buibui amejenga upande wa dereva pia.