Mguu wa Mbuzi Kitandani Kwetu

Usiku wa jana niliota mguu wa mbuzi umelala kitandani kwetu, umevuta shuka lote. Sikushangaa. Kwetu Tanga nyama ya kuchoma lazima ilale na viungo usiku kucha, na huo ulikuwa umeshapakwa ukwaju, tangawizi na papai bichi. Nikauomba usogee. Ukakataa, eti viungo vitahamia upande mmoja.

Nilikuwa na hofu. Kesho yake baba mkwe, Mzee Lomayani wa Monduli, alikuwa anakuja kula kwangu mara ya kwanza tangu niolewe. Kwao nyama ni chumvi na moto, basi. Harusini alionja mshikaki wa mama yangu, akaurudisha kwenye sinia, akauliza tunaficha nini kwa viungo vyote vile. Neno lile liliniuma sana.

"Amka uoge," nikauambia mguu. "Nikutie chumvi tu."

"Nimelala," ukajibu. "Ongea na papai."

Papai likajikohoza chini ya mto. Likasema kazi yake ni kulainisha, halibagui nyama wala wakwe, mradi lisizidishwe.

Nafungua mlango niende jikoni, najikuta Monduli, bomani kwa Mzee. Chumvi imesimama langoni inauliza nani kaingia na nini. Ukwaju unajieleza kwa adabu kwamba umetoka Tanga, haukuja kwa shari.

Chumvi inaupima kwa macho. "Pita. Lakini mimi natangulia."

Wanaingia kwa utaratibu huo. Napiga goti, nasalimia, nampaka Mzee papai kidogo kwenye paji la uso. Mikunjo inalegea mmoja mmoja. Anakata nyama, anachovya kwenye ukwaju, anaramba mpaka kiwiko.

"Mwambie ale polepole," mguu unaninong'oneza kutoka kwenye sinia. "Bado nimelala."

"Mama," Mzee ananiambia, "ongeza."

Nikaamka nimetulia kabisa. Kulikuwa kumekucha. Nyama ilikuwa kwenye friji, haijaguswa na kiungo hata kimoja, maana nililala sijaamua.

Mume wangu, Loshiro, alikuwa amesimama dirishani na simu, amekunja uso. Akasema hamwelewi baba yake leo. Amekataa chai, anadai ameshiba.

"Halafu anauliza kama ule ukwaju umebaki."

"Mwambie umebaki," nikasema, nikaenda kuuloweka.