Nyambizi ya Mama Mkwe

Lemburis wa Olmotonyi, muuza dawa za mifugo na mzee wa kanisa, alipenda filamu za mieleka ya wanawake. Alizipakua nyumbani kwa torenti, ile njia ya watu kugawiana mafaili vipande vipande mtandaoni, akazitazama dukani mlango ukiwa umerudishwa nusu.

Siku moja rafiki yake Thomasi, mwenye duka la simu Levolosi, alimwambia kwamba siku hizi ipo tovuti inayoanika kila kilichopakuliwa kwa torenti kupitia anwani yako ya IP, yaani namba ambayo mtandao hukutambulia. Ukiifungua tu, inakusomea mashtaka. Lemburis alicheka, lakini siku hiyo alifunga duka mapema.

Alipofika nyumbani alijiunga na ruta ya hapo, kile kifaa kinachopokea mtandao na kuusambaza, akaifungua tovuti. Filamu zake za mieleka hazikuwemo hata moja. Aliyoyakuta ni masomo ya Kinorwei, tamthilia ya mapenzi ya mizimu, na mafunzo ya kuendesha nyambizi. Mtu mtulivu angejiuliza ni tovuti gani hii isiyoona dhambi za mwenye nyumba. Lemburis alimshukuru Mungu kwa kumsitiri, kisha akaanza kumtafuta mkosaji.

Mwanawe Lesian alikuwa shule ya bweni. Mkewe Nashilu alishinda na kuku wake, na simu yake ilikuwa kitochi kisicho na intaneti. Akabaki mama mkwe, Silantoi, aliyekuja kutibiwa macho akiwa na tableti ya kusikilizia kwaya. Mjane, macho mapya, tableti, Kinorwei: Lemburis alijumlisha akapata mchumba wa Kizungu. Nyambizi ndiyo iliyomshinda. Maji ya karibu yalikuwa ziwani Momela, na huko ingegombana na viboko.

Tatizo lilikuwa mila. Kwao Waarusha mtu haongei na mama mkwe wake ana kwa ana, wala hali chakula mbele yake. Kwa hiyo jioni ile Silantoi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, Lemburis akasimama nyuma ya tangi la maji, na Nashilu akabaki katikati akipukuchua mahindi.

"Mama Lesian, mwambie mama simtuhumu," alisema Lemburis. "Nauliza tu, nyambizi ni ya nini?"

Silantoi alikuwa amesikia vizuri kabisa, ila alingoja binti yake ageuke amweleze kwa Kiarusha. Ndipo akajibu, "Mwulize mkwe wangu, hiyo ni dawa ya ng'ombe au ya mbuzi?"

Lemburis akaeleza, kupitia kwa Nashilu, kwamba ni chombo cha chuma kinachotembea chini ya maji. Silantoi akataka kujua kama mkwe wake amekula mchana. Ilipofika zamu ya Kinorwei, Nashilu aliacha gunzi likaanguka.

"Baba Lesian, unasema mama yangu ana Mzungu?"

Hakuwa amesema hivyo. Silantoi alijitanda shuka yake, akaingia chumbani, na kwaya ikapanda mpaka kuku wakaamka. Tangu hapo ugali wa Lemburis ukawa unaletwa umepoa.

Akarudi kwa Thomasi kutafuta ushahidi zaidi. Ili kumfundisha namna ya kusoma tarehe, Thomasi aliifungua tovuti kwa ruta ya dukani kwake. Kinorwei kikatokea. Mizimu ikatokea. Nyambizi nayo.

Thomasi alitazama stoo, alikokuwa mkewe. "Sophia hajui hata kuogelea," alisema taratibu.

Wakaipigia kampuni ya mtandao iliyowahudumia wote wawili. Binti aliyepokea, kwa sauti ya mtu aliyejibu swali hilo tangu asubuhi, akawaeleza kwamba anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja, kisha huhamia kwa wengine. Tovuti huiona namba, haimwoni mtu. Lemburis akaelewa: ni kama sanduku la posta la usharika, ambamo hupita barua za kijiji kizima. Papo hapo akatambua kwamba mahali fulani mtu mwenye heshima zake anaulizwa habari za mieleka ya wanawake. Alimhurumia sana, akakata simu.

Ikabaki kuomba radhi. Alimwendea Nashilu ampelekee maneno, naye akakataa.

"Nimechoka kuwa ruta," alisema. "Leo peleka mwenyewe."

Lemburis akanunua kondoo jike aliyenona, akasimama kwenye kona ya nyumba akiwa ameupa ukuta uso wake, akaomba radhi yote bila kuacha kitu, isipokuwa mieleka. Silantoi aliipokea kamba ya kondoo. Kwao waliopeana kondoo huitana Paker, jina la heshima.

"Paker," alisema, kwa mara ya kwanza akimwambia yeye mwenyewe, "yamekwisha."

Kisha akamgeukia binti yake. "Ila mwambie mumeo, kama kuna shtaka lingine alilete mapema. Kondoo mmoja huwa mpweke."