Sala Haikatizwi

Msusi alikuwa ameshafumba macho na kukunja mikono mapajani, na moyoni alishajua kwamba leo ni yeye tena.

"Baba wa mbinguni," alianza mama mkwe wake, kwa ile sauti laini anayoitunza kwa ajili ya Mungu peke yake, "tunakushukuru kwa chakula hiki, ijapokuwa kwenye chumvi umetujalia kuliko tulivyoomba. Mbariki aliyekipika. Amekipika mbiombio, Bwana, umemwona mwenyewe, maana vichwa vya wateja havingoji. Vichwa vya mtaa mzima anavijua. Kichwa cha mume wake tu ndicho hajakigusa, na mtoto wa watu amekuwa kichaka. Mpe jicho la kuona vya nyumbani."

"Amina!" akaitikia mume, fundi wa mafriji, kwa moyo wake wote, kisha akavuta bakuli la viazi.

Haya, wewe ungefanya nini? Kama mkweo angekusema uso kwa uso, ungejibu, mngekwaruzana, yangekwisha. Lakini mama huyu alikuwa hamsemi mtu. Thubutu! Alikuwa anazungumza na Mungu wake, na sala haikatizwi. Ndivyo msusi alivyolelewa kwao, na ndivyo mume alivyolelewa na mama huyohuyo: mtu akiwa katika sala, hata sufuria iungue jikoni, unaiacha iungue. Basi tangu mama afiwe na mumewe na kuhamia kwao, msusi alikuwa akisemwa mchana na jioni, macho yamefumbwa, asiweze kufungua kinywa ila kusema amina. Watoto walikuwa shule ya bweni. Hata wa kumtupia jicho la pembeni hakuwa naye.

"Hivi wewe unajua unachoitikia?" alimuuliza mumewe jikoni.

"Kipi tena, mke wangu?"

"Mama yako ananianika, wewe unasema amina! Unagonga mhuri!"

"Si ameomba ubarikiwe?"

Na aliuliza kweli, si kwa dharau, kitambaa cha vyombo begani. Hapo ndipo kichwa cha msusi kilipotaka kupasuka. Mtu mbaya unajua pa kumkamata. Huyu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa mtu wa kumtengenezea mjane friji bure na kurudi nyumbani akisahau nusu ya vifaa vyake huko. Utagombana naye vipi?

Hata hivyo hayo yote msusi angeyameza, kama alivyoyameza siku zote. Kilichomkaba ni mguu.

Mama alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na kiatu kipya cha kanisani kilimchubua vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kushoto. Mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikagoma kufunga. Kila asubuhi, kabla ya kwenda saluni, msusi aliketi kwenye kigoda, akauweka mguu ule juu ya taulo mapajani mwake, akausafisha, akapaka dawa, akafunga bandeji safi. Alikuwa na mikono myepesi, kazi yake ilimfundisha hivyo. Mama hakuwahi kusema ahsante. Alisema, "Unabana." Akilegeza kidogo, alisema, "Sasa itavuka." Na harufu ile, jamani, ilimfuata msusi mpaka saluni, akanawa na sabuni mara tatu kabla ya kugusa kichwa cha mteja.

Jumatatu walimpeleka hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja wa makamo, mwenye miwani ya kamba, asiyependa kuzungukazunguka.

"Vidole hivi viwili vimekufa," alisema. "Tuviondoe Alhamisi. Tukichelewa, sumu itapanda, na hapo tutakuwa tunazungumzia mguu mzima. Au tusizungumze kabisa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Akamwombea yeye, na mikono yake, na wauguzi wake wote. Akavaa kandambili, akasimama.

"Nilikuja duniani na vidole kumi," alisema akiwa mlangoni, "na kumi nitaondoka navyo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Ukimwambia sumu, anakwambia kumi. Ukimwambia mguu mzima, anakwambia kabla ya hapo Bwana atakuwa ameshamchukua. Ukimlilia, anakupa kitambaa cha kufutia machozi, kisha anakwambia kumi.

"Tumwachie Mungu," alisema mume jioni ile, sauti imemkauka.

"Mungu ameshaleta daktari!" msusi alimpandishia. "Ulitaka ashuke mwenyewe na kisu? Wewe ndiye mwanawe. Ongea naye!"

Akaenda. Msusi alisikia kupitia ukutani, mama akianza, "Baba wa mbinguni, mwangalie mwanangu huyu…" na muda si muda, "Amina!" Mume akarudi macho mekundu, amebarikiwa, hajasema lolote.

Jumanne msusi akamwita mchungaji. Akamweleza yote mlangoni, akamwomba amseme mama kwa ukali, maana mchungaji angalau anaogopwa. Mchungaji aliketi, akafungua kinywa, na mama akasema, "Kabla hatujazungumza, baba mchungaji, tuombe." Jamani! Aliomba yule mama. Akawaombea wagonjwa wote wa usharika, akaingia kwa wajane, akatoka kwa wajane akaenda kwa vijana, akafika mpaka kwenye paa la kanisa linalovuja. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa na mchungaji ana ibada ya mazishi upande wa pili wa mji. Akaondoka akimshukuru mama kwa kumtia nguvu.

"Amekuambia nini?" msusi alimuuliza mama, ijapokuwa jibu alikuwa nalo.

"Mtumishi wa Mungu yule amechoka," alisema mama. "Mumpumzishe."

Jumatano asubuhi, saluni, mteja mmoja alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Dada, unanisuka au unaning'oa?" Msusi akaomba radhi, akaanza upya msuko ule, na vidole vikamkakamaa tena. Kesho ilikuwa Alhamisi. Na mama alikuwa na homa. Alikuwa anaificha, amejifunga sweta na kusema ni kibaridi tu, lakini nani anayefua shuka zake? Shuka zilikuwa zimelowa jasho. Msusi akamwambia mteja aliyefuata arudi keshokutwa, akashusha mlango, akaenda nyumbani kupika.

Walipoketi kula mchana ule, mama alifumba macho kama kawaida, lakini sauti haikuja. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Akaweka mkono mezani.

"Leo ombeni nyie," alisema. "Mwanangu, omba."

Mume alikohoa, akajiweka sawa.

"Nitaomba mimi," alisema msusi.

Wote wawili wakamtazama. Katika nyumba ile hakuwahi kuomba kwa sauti hata siku moja. Akafumba macho kabla hajabadili mawazo.

"Bwana," alisema, "mimi maneno mazuri sina. Nimekuja kumshtaki mtu, na mwenyewe ameketi hapa mkono wangu wa kulia."

Upande wa kulia kiti kililia. Lakini sala haikatizwi, na aliyeifundisha nyumba hiyo sheria ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

"Siku zote hizi ananisema kwako. Chumvi, sawa, nakubali, naizidisha. Nywele za mume wangu, mwenyewe ndiye anayeukimbia mkasi, muulize. Mguu wake naushika kila asubuhi na sijasikia ahsante. Nimemeza yote hayo, Bwana, unajua nilivyomeza. Lakini hili la vidole halipiti kooni. Umemtumia daktari, yeye akamwombea na kumfunga mdomo. Umemtumia mwanawe, yaleyale. Umemtumia mchungaji, yaleyale! Kila unayemtuma anabarikiwa na kurudishwa alikotoka. Sasa sijui utamtuma nani tena. Ana homa tangu juzi na anadhani sijui. Nina hasira naye. Nina hasira mpaka nawaumiza wateja. Na mume wangu nina hasira naye pia, maana mama yake anakufa huku yeye anaitikia amina."

Pumzi ya mume ilisikika ikikatika.

"Nilidhani siku mama huyu akiondoka nitapumua," msusi aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inamsaliti. "Nisamehe, niliwahi kufikiri hivyo. Lakini Jumatatu, pale kwa daktari, nilijua sivyo. Sitaki afe. Ananiudhi kila siku ya Mungu, na sitaki afe. Basi. Sina zaidi."

Amina hakuisema. Na mume, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakujua aitikie au anyamaze. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati.

"Bwana," akasema mama.

Haikuwa ile sauti laini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Umemsikia. Kumbe ana mdomo, nami sikujua. Sasa nisikie na mimi. Vidole si kitu kwangu. Nimezaa, nimezika, vidole viwili nivililie? Lakini mtu hapigi magoti kwa magoti peke yake, Bwana. Unajishikiza kwa vidole. Unainukia vidole. Kila alfajiri nimepiga magoti pale kitandani nikawataja mmoja mmoja, mwanangu huyu, ndugu zake, wajukuu. Msusi huyu ninamtaja wa kwanza, maana nyumba hii ameibeba yeye, nawe unajua. Sijaruka alfajiri hata moja. Wakinikata, sitapiga magoti tena. Ninaogopa. Nani atawataja hawa? Ninaogopa kuwaacha hivihivi, hawana mtu, huku mimi mwenyewe nimekaa kitandani kama mgeni…"

"Mama!"

Msusi alikuwa amefumbua macho. Amekatiza sala. Mume alimtazama kana kwamba amevunja kioo cha kanisa.

"Ni hilo tu?" msusi alipaza sauti. "Siku zote hizi unatutoa roho, kumbe ni magoti? Mungu si anasikia hata mtu akiwa amelala chali?"

Mama naye alifumbua macho. Wakatazamana, bila Mungu wa kupitishia maneno katikati.

"Anasikia," alisema mama. "Wagonjwa anawasikia, najua. Mimi nimezoea kumwendea hivyo. Umri huu unifundishe mwendo mwingine?"

"Basi nitapiga mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kila alfajiri."

"Wewe alfajiri unaijua?"

"Nitaamka."

"Kanisani kwenyewe unasinzia."

"Mama, jamani!"

"Husinzii?"

"Nasinzia!" alisema msusi, machozi yanamtiririka kidevuni na hasira haijapungua hata chembe. "Nasinzia, lakini hili nitaamka."

Mama alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka kiunoni, kama mtu anayepima kitambaa asije akauziwa kifupi.

"Piga nikuone."

"Sasa hivi? Chakula kiko mezani!"

"Alhamisi ni lini?"

"Kesho."

"Basi sasa hivi."

Msusi akasukuma kiti nyuma. Akapiga magoti kwenye saruji, katikati ya meza na kabati la vyombo, bado amevaa aproni ya saluni yenye vipande vya nywele za watu.

"Mgongo," alisema mama.

"Nimenyoosha."

"Hujanyoosha. Na usiegemee kabati."

Akanyoosha.

"Haya. Anza na wa kwanza."

Msusi akafumba macho. "Bwana, yuko mama mmoja hapa, ni msumbufu sana."

"Endelea," alisema mama, naye amefumba.

"Mshike mkono kesho. Mrudishe nyumbani. Na ukimrudisha, mpe na moyo wa kusema ahsante."

"Hilo la mwisho si lazima kulitaja kila siku. Sasa mume wako."

Akamtaja mume, ambaye alikuwa ameinama na kushika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Akawataja watoto. Akawataja mashemeji, akamsahau mmoja, akakumbushwa. Magoti yalimuuma ajabu. Hakujua kwamba saruji ni ngumu kiasi kile, wala hakujua mama mwenye umri ule aliwezaje. Alipofika mwisho, mama alisema amina mwenyewe, kwa sauti ndogo, akapangusa macho kwa ncha ya sweta.

"Nenda chumbani kwangu," alisema. "Chini ya kitanda kuna begi jeusi. Nguo za hospitali zimo, na kanga mbili, na sabuni. Nilishapanga."

"Umepanga lini?"

"Jumatatu, tuliporudi."

"Jumatatu!" Msusi aliruka kwa magoti yaleyale. "Jumatatu, mama? Sisi tunahangaika, mchungaji tunamtoa kazini, mimi nakosa usingizi, na wewe begi umeshapanga?"

"Wote mlikuja kunihubiria," alisema mama. "Hakuna aliyeniuliza ninaogopa nini."

Msusi alibaki palepale chini. Mume ndiye aliyeinuka kwenda kulileta begi.